Sura ya 4: Panda Juu Kwanza

Fundi hakutaka kuonyeshwa nyufa. Tulisimama uchochoroni, mimi na binamu zangu wawili, mbele ya nyumba aliyotuachia bibi yetu katika Mji Mkongwe wa Unguja, kila mmoja na ufa wake wa kumwonyesha. Mzee akaitikia shikamoo zetu, akavua viatu penye kizingiti, akauliza ngazi iko wapi. "Nyufa nitaziona nikishuka, wanangu. Nyumba hizi mtu hupanda juu kwanza."

Tukamfuata ghorofa ya kwanza, ya pili, hadi kwenye mlango mdogo wa kutokea juu. Haukufunguka. Bawaba zilikuwa zimeliwa na kutu, na binamu yangu alipousukuma kwa bega ukang'oka mzima pamoja na fremu yake. Ndipo mzee alipouliza swali ambalo tangu siku ile hulikumbuka kila ninapoitwa kutazama kitu kikuukuu: "Mara ya mwisho, nani alipanda huku?" Tukatazamana. Hapakuwa na jibu.

Swali letu sisi lilikuwa jingine. Warithi tulikuwa 9, na kwa miaka miwili tulikuwa tukibishana kwenye WhatsApp: itengenezwe au iachwe? Ami yetu aliyeko Maskati alitaka iuzwe kabla haijamwangukia mtu. Shangazi wa Dar es Salaam hakutaka hata kulisikia neno kuuza, ingawa hajalala humo tangu alipoolewa. Vijana walisema ivunjwe, ijengwe mpya ya matofali na zege, jambo lisilowezekana kirahisi, kwa kuwa Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kila mmoja wetu alikuwa akijibu kwa kumbukumbu zake au kwa mfuko wake. Nyumba yenyewe hatukuwa tumeitazama.

Kuitazama nyumba huanza kwa kujua imeumbwa kwa nini. Hizi zimeumbwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Jiwe lenyewe huchimbwa ardhini, mahali ambapo zama za kale palikuwa chini ya bahari. Ni jepesi, lina matundumatundu, na halikubali kukaa sawasawa kama tofali. Kwa hiyo ukuta hujengwa mnene, nusu mita na zaidi, mawe yakishikanishwa kwa udongo mwekundu, mchanga na chokaa. Juu ya kuta hulazwa boriti karibukaribu, juu yake mawe madogo na chokaa, vikapondwa siku nyingi mpaka vikawa sakafu. Urefu wa boriti ndio uliopima chumba. Boriti nzuri ya kubeba sakafu haizidi sana mita 3, ndiyo maana vyumba vya bibi ni virefu na vyembamba, mgeni akiingia hudhani yuko kwenye ujia. Boriti hizohizo zilisafirishwa kwa majahazi, vizazi na vizazi, hadi Omani na pwani yote ya Ghuba, na majumba ya kale ya kule nayo yana vyumba vyembamba kwa sababu ileile.

Chokaa inastahili maelezo marefu zaidi, maana hapo ndipo nyumba nyingi zinapoharibiwa na watu wanaozipenda. Zamani magogo yalipangwa kwa duara, matumbawe yakamwagwa juu, moto ukatiwa katikati. Tumbawe likipata joto la nyuzi 900 hivi hutoa hewa ya ukaa iliyokuwa ndani yake. Likipoa na kumwagiwa maji huchemka lenyewe, hupasuka na kuwa unga. Unga huo ukishapakwa ukutani huanza kuivuta tena hewa ya ukaa, polepole, hadi urudi kuwa jiwe. Ganda la nje huchukua wiki na miezi. Kiini cha ukuta mnene huchukua miaka mingi. Huenda kuta za nyumba yetu zilikuwa bado zinakomaa bibi alipozaliwa humo.

Jiwe hilo la pili ni laini kidogo, na hupitisha unyevu. Maji yanayonyonywa na msingi kutoka ardhini hupanda ukutani, kisha hutoka nje na kukaushwa na upepo wa baharini. Ukuta wa chokaa hulowa na kukauka, hulowa na kukauka, miaka 100 na zaidi. Sasa mwenye nyumba anaona lipu imeanza kutoka unga chini ya ukuta wa sebule. Ananunua mifuko miwili ya saruji. Ukuta unapendeza, ni mgumu, unang'aa. Maji lakini hayakuacha kupanda. Yamefungiwa njia tu. Yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, na yamebeba chumvi. Chumvi ikikauka nyuma ya saruji hugeuka chembe ngumu zinazofura na kulivunjavunja tumbawe. Siku saruji inapodondoka, hudondoka na ukuta wenyewe. Ndivyo tulivyofanya sebule ya bibi, kwa mapenzi yote, yeye mwenyewe akiwa amekaa barazani anatuombea dua.

Usipoziba ufa utajenga ukuta: tumeikariri sote shuleni. Naiheshimu methali hiyo, ila kwenye nyumba kuukuu nataka kuiuliza maswali mawili ambayo haikuyagusa. Utaziba kwa nini? Na ufa wenyewe umetoka wapi?

Wetu ulitoka juu. Nyumba ilipojengwa ilikuwa na paa bapa la chokaa. Baadaye, kama jirani zake nyingi, ikawekewa mabati. Mfereji wa kupokea maji ya mabati ulikuwa umejaa majani yaliyooza, na katika kona ya magharibi ulikuwa umeota mtini wenye kimo cha mtoto wa miaka 10. Mbegu huletwa na ndege. Mche unaanza kama unyasi kwenye mwanya wa chokaa, na mizizi yake inafuata udongo ulio kati ya mawe hadi inafika ghorofa ya chini. Mzee aliutazama kwa muda. "Huu kuung'oa leo ni kuangusha ukuta," alisema. "Tutaukata shina, tutaua mzizi taratibu, kisha tutajaza ulipotoka."

Hatua mbili kutoka mtini, juu ya ukuta uleule, lilikaa tangi la plastiki la lita 1,000. Lita 1,000 za maji ni tani nzima. Chini yake palikuwa na bafu, lililoongezwa miaka watu walipochoka kushuka uani, na chini ya bafu ndipo kilipokuwa chumba cha bibi. Nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya watu wanaochota maji kisimani na kuyapandisha kwa ndoo. Sisi tulipandisha mabomba, tukatoboa sakafu ya chokaa, na kila kiungo kilichovuja kilimwaga maji yake kimyakimya kwenye ncha za boriti.

Ncha ndiyo mahali pa kutazama. Katikati ya boriti panapigwa na hewa, panakauka. Ncha imezikwa ukutani, na ukuta ukilowa, ncha hulala kwenye unyevu mwaka mzima. Ndiko inakooza, ndiko mchwa wanakoanzia. Katika chumba cha bibi mzee alichomeka bisibisi kwenye ncha ya kwanza, ikazama hadi mpini. Ya pili vilevile, na ya tatu. Ya nne ilikataa. Akaenda hivyo hadi ya 14, akizigonga kwa nyundo na kutega sikio, na zote zikatoa sauti kavu ya mti mzima. Akarudi zile tatu, akatazama dari, akanyoosha kidole: bafu hili hapa, tangi hili hapa, mtini huu hapa.

Nilikaa kitandani kwa bibi nikashindwa kusema. Kwa miaka miwili tulikuwa tumebishana juu ya nyumba inayokufa, kumbe yenye ugonjwa ni kona moja. Rangi iliyobanduka, ukungu, madirisha yaliyolegea, kile kizee cha mlango: vilivyotutisha vilikuwa karibu vyote kazi ya wiki chache kwa fundi na msaidizi. Kinachoua, yaani maji, kilikuwa kimejificha mahali pasipoonekana mpaka upande ngazi tatu na kung'oa mlango. Ubaya wa sura na uharibifu ni vitu viwili tofauti, na macho yetu yamezoea kuupima ule wa kwanza. Nimeona pia nyumba iliyopakwa rangi upya kwa ajili ya kuuzwa, nyeupe kama kanzu ya Idi, na boriti zake zikiwa unga mtupu.

Nyufa aliziona aliposhuka, kama alivyoahidi. Zilikuwa tano kubwa. Juu ya kila moja alipaka ukanda mwembamba wa jasi, akaandika tarehe kwa msumari. "Zikikatika kabla ya Ramadhani, niiteni." Hakuna fedha iliyotumika siku ile zaidi ya nauli yake na kikombe cha chai ya tangawizi, na baadhi ya warithi walikasirika kwamba tumeita fundi akatuambia tusubiri. Lakini ufa una umri. Upo uliotokea wakati nyumba inakaa kwenye msingi wake, kabla hata ya bibi kuzaliwa, ukatulia. Upo unaotembea sasa hivi. Kwa macho huwezi kuzitenganisha aina hizo mbili, na ukitibu uliotulia umepoteza mali. Ilipita vuli, ikapita masika. Kanda nne zilibaki nzima. Uliokatika ni ule wa ukuta wa uchochoroni, palipopita bomba la choo.

Kitu kimoja tu kilimfanya mzee aharakishe maneno. Jiko la zamani la uani lilikuwa na ukuta uliofanya tumbo. Ukuta wa matumbawe una nyuso mbili za mawe yaliyopangwa, na katikati kifusi kilichoshikwa na udongo na chokaa. Maji yakiingia kati, udongo hulegea na kushuka, kifusi hukandamiza kwa ndani, na uso mmoja huanza kutoka nje. "Huu hausubiri jasi," alisema. "Watoto wasicheze hapa tangu leo." Jiko hatukulitengeneza. Tulilishusha jiwe kwa jiwe, na mawe pamoja na boriti sita nzima ndivyo vilivyotumika baadaye kutengeneza kona ya magharibi. Shangazi alilia, alijifunza kupika mle. Nilimwelewa, na bado nasema tulifanya sawa. Kushikilia ukuta wenye tumbo kwa ajili ya kumbukumbu ni kuziweka roho za watu mahali pabaya.

Kwamba hili si suala la nyumba ndogo tu, kila Mzanzibari analijua tangu tarehe 25 Desemba 2020. Jumba la Beit al Ajaib lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, likazungushiwa varanda za nguzo za chuma, likawa jengo la kwanza Unguja kuwa na umeme. Mwezi Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga kasri zilizokuwa jirani yake kwa muda usiofika saa moja. Jumba likabaki limesimama. Miaka mingi baadaye likawa makumbusho, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukumbini mwake kuliundwa upya mtepe, kile chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba ambacho pwani yetu iliacha kukiunda karne iliyopita. Mwaka 2012 sehemu ya varanda ikaanguka. Siku ile ya Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini katika ukarabati uliogharimiwa na Omani, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walikufa. Nilisimama Forodhani baadaye nikitazama vyumba vilivyokuwa wazi kama kabati lisilo na milango, na nikajikuta nahesabu: tangu ile varanda kuanguka zilikuwa zimepita masika 8 na vuli kadhaa.

Mwendo wa dakika chache kutoka hapo, barabara ileile ya baharini, lipo jengo ambalo hadithi yake ilikwenda upande mwingine. Zahanati ya Zamani, kama tunavyoiita, msingi wake uliwekwa mwaka 1887 kwa fedha za tajiri Tharia Topan, aliyefariki mwaka 1891 kabla halijakwisha. Roshani zake za mbao zilizonakshiwa kama shela ni nzuri kupita kiasi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilichakaa na kuachwa. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilifufua, na kazi ile ilisifiwa kwa roshani. Mimi nalisifu kwa jambo lisilopigwa picha: lilipokwisha kutengenezwa lilipewa wa kulitumia. Paliingia ofisi na maduka, na kukawa na mtu ambaye mvua ikivuja ni juu yake.

Hilo ndilo swali ambalo hesabu za ukarabati haziliulizi. Tunauliza kutengeneza kutagharimu kiasi gani, tunalinganisha na bei ya kujenga upya, tunaamua. Lakini gharama ya kutengeneza hulipwa mara moja. Inayofuata, ya kuzoa majani mferejini kila mwaka kabla ya masika, ya kupaka chokaa, ya kubadili bati moja lililotoboka, ni ndogo mno kiasi kwamba hakuna anayeiandika, na haina mwisho. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilianguka hapo. Baada ya 1964 nyingine zilichukuliwa na serikali, zikapangishwa familia tano, sita pamoja. Kila familia ilifagia chumba chake, na paa halikuwa la mtu. Zetu, tulizobaki nazo, ziliingia kwenye mirathi. Sheria inagawa kwa haki, kila mrithi na fungu lake, kisha wajukuu wanarithi mafungu ya mafungu, hadi mtu mmoja anamiliki sehemu isiyotosha hata mlango. Nani mwenye sehemu hiyo atanunua bati kwa ajili ya wote?

Watu wa baharini walilimaliza suala hili zamani. Jahazi halisubiri kuharibika ndipo litengenezwe. Hupandishwa pwani maji yakiwa makubwa, likakaa juu ya magogo, likapigwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta ikashindiliwa kwa patasi katika kila mwanya wa mbao, kisha chini likapakwa deheni ya chokaa na mafuta ya mnyama. Baada ya miezi, tena. Ubao uliooza hutolewa ukatiwa mwingine, na baada ya miaka 30 huenda mbao za awali ni chache, lakini sijapata kumsikia nahodha akiuliza kama hilo bado ni jahazi lake. Kwake matengenezo ni sehemu ya safari kama tanga lilivyo.

Katika chumba cha bibi tulikuta pia cherehani yake, Singer nyeusi ya mkono, imefunikwa kitambaa. Niliipeleka kwa fundi cherehani Darajani nikiwa nimeshaamua moyoni kwamba itakuwa pambo. Aliifungua kwa bisibisi moja. Alisafisha, akatia mafuta, akabadilisha mpira wa kukazia na chemchemi moja aliyoitoa kwenye kopo lililojaa vyuma vya cherehani nyingine zilizokufa. Kabla ya adhuhuri ilikuwa inashona. Wiki hiyohiyo nilimpelekea fundi mwingine redio yangu ya miaka mitatu, akaigeuza huku na huku akitafuta pa kuifungulia. Haikuwa na parafujo hata moja. Imebandikwa kwa gundi. Cherehani ya umri wa miaka 70 ilifaa kutengenezwa na redio ya miaka mitatu haikufaa, kwa sababu aliyeunda ile alimfikiria fundi, na kwa sababu Darajani bado yuko kijana anayejifunza kazi hiyo kwa baba yake. Kopo lile la vyuma chakavu ni mali kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Siku fundi huyo atakapofunga kibanda chake, cherehani zote za mtaa zitazeeka usiku mmoja.

Basi mkutano wetu wa mwisho wa ukoo haukuhusu nyufa. Mzee alikuwa ameshatuandikia kazi: ncha tatu za boriti, kona ya magharibi, bomba, kubandua saruji yote ya sebule na kurudisha chokaa, tangi kushushwa uani na kuwekewa pampu. Niliwauliza wenzangu jambo moja tu, nani atalala humo. Ilipita siku mbili bila mtu kuandika kitu kwenye kundi. Kisha binamu yangu, yule aliyeng'oa mlango, akaandika kwamba yeye na mkewe na watoto wao wawili wako tayari kuhamia kutoka nyumba ya kupanga, mradi wengine tuandikiane kwa hati kwamba kila mwaka, kabla ya masika, tutachangia matengenezo. Ami wa Maskati ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia sahihi. Alisema angetoa zaidi, alichokuwa akikiogopa ni kutoa fedha kwa nyumba tupu.

Huu ni mwaka wa tatu. Mapema Machi binamu yangu alinitumia picha kutoka juu ya paa: ufagio, ndoo ya majani, mfereji mkavu, na kiganja chake kikiwa na mche wenye majani matatu. Chini yake akaandika, "Mtini. Umeota palepale. Nimeung'oa kwa vidole."